Karata Isilale Mpaka Mtoni

Kilibula, Uvira, Jumatano, tarehe 7 Februari 2024

Mujomba Cyprien,

Tunakusalimia sana, minye na Mama. Mama anauliza habari ya masikio yako. Nimemujibu kwamba masikio hayaandikiwi barua, akanipiga na ufagio.

Naanza na karata, juu najua unaruka mistari yote mpaka ufike hapo. Jumapili nyuma ya ibada tulicheza kwa Bruno, mutoto wa Baba mudogo Franck, wale wanne wa siku zote, maharagwe makumi mbili kila muntu. Nikapata ma-roi mbili mukononi. Zile karata tatu za kwanza zinafunuliwa mezani: roi mwingine huyo hapo, ananiangalia! Ma-roi tatu, Mujomba! Moyo ukaruka sawa ndagala ndani ya mafuta. Nikasukuma maharagwe yangu yote katikati. Kiisha? Wote watatu wakatupa karata zao. Nikakula maharagwe inne. Inne, na ma-roi tatu! Bruno alicheka mpaka akashika ukuta. Ananiambia: "Agathe, uso wako unapiga kengele mbele ya mukono."

Na wiki ya mbele nilikuwa nimefanya kinyume. Nilikuwa na ma-as tatu, nikanyamaza, napita, napita, napita. Karata ya tano ikafunuliwa, Bruno akawa na karata tano za cœur, zote mioyo, akanikula yote. Sasa weye mwalimu uniambie: muntu akiwa na karata kali, anailaza ao anaipiga?

Nauliza juu niko na karata kali ya kweli, na hii haichezwi na maharagwe.

Jumatatu Baba mudogo Franck alikuja hapa na metre. Akapima parcelle yetu toka mulango mpaka choo. Mama alikuwa anachagua mchele, akabaki na mukono hewani. Franck akamaliza kupima, ndipo akasema: hii parcelle ni ya ukoo, ndugu yangu marehemu alikaa tu, mujane atapata chumba kule Nyamianda, nyuma ya nyumba yangu. Baraza ya familia itakaa hapa kwetu tarehe 2 Machi, mbele ya shefu wa avenue, mukubwa wa mutaa wetu. Ati tukiwa na karatasi tuilete. Iko anasema vile akicheka, juu anaamini karatasi ya Babu ilienda na maji ya mafuriko ya mwaka 2020.

Haikuenda. Mama iko anailalia. Unaijua, uliisoma siku ya kilio cha Papa: Babu ameandika kwa mukono wake, Kilibula ya Papa, Nyamianda ya Franck, na wote wawili wametia saini. Saini ya Franck iko pale na mukia wake murefu. Karatasi ni hiyo moja, ingine hakuna.

Mama anataka nimutupie Franck usoni leo. Minye nasita. Tuionyeshe, ao tunyamaze mpaka siku ya baraza? Ungekuwa unasikia ningekupigia, tumalize kwa dakika mbili. Lakini ile kinini ya malaria ilikufunga masikio, na simu yako imebaki taa ya chooni, hata vibonyezo vimefutika. Basi Eliane, yule jirani yako muuza mchele, anarudi kwenu kesho na gunia zake zikiwa tupu, atakuletea hii. Nijibu na Jumanne yake, siku anateremka tena sokoni.

Mupwa wako,
Agathe


Kamanyola, Jumapili, tarehe 11 Februari 2024

Mpwa wangu Agathe,

Barua yako ya kurasa nne nimeisoma mara tatu. Kwanza masahihisho. Ni kiwanja, si parcelle. Ni wafalme, si ma-roi. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na moja kwa Kiswahili na hakuna mtoto aliyekufa.

Nimeamka mapema, mvua imepiga bati tangu alfajiri na usingizi ukakataa kurudi. Nina wakati wa kutosha kukujibu vizuri. Eliane naye ana mafua, sauti imekuwa ya jogoo mzee. Akifika kwenu mpe chai ya tangawizi.

Kosa lako si kupiga wala si kunyamaza. Kosa lako ni kwamba unatazama karata zako tu, huwatazami watu. Bruno ni mwoga. Mwoga ukimpigia kwa nguvu anakimbia, na wewe unabaki na wafalme watatu na maharagwe manne. Huyo umwachie atie maharagwe mwenyewe, kidogo kidogo. Lakini siku ile ya as tatu, mezani palikuwa tayari na mioyo miwili, sivyo? Hapo kila karata uliyomwachia aione bure ilikuwa zawadi. Hapo ulipaswa kupiga. Akitaka kuendelea kutafuta moyo wake wa tano, alipie.

Sasa Franck. Franck si mwoga, ni mtu wa kupiga meza. Mtu wa namna hiyo humfukuzi, unamwachia atie. Mwache aseme mbele ya majirani kwamba karatasi hakuna. Aseme Jumatatu, arudie Jumatano. Kila akisema anajifunga kamba nyingine mguuni. Kwa hiyo ilazeni karata yenu. Usimwambie mtu.

Ila shika neno hili, ndilo kubwa kuliko yote: karata kali inaruhusiwa kulala, lakini isilale mpaka mtoni. Wengi nimewaona wameilaza mpaka mtoni, wakaamka hawana kitu. Itoe kabla.

Mjomba wako, asiyesikia ila anayeona,
Cyprien


Kilibula, Jumatano, tarehe 14 Februari 2024

Mujomba,

Weye ni muntu wa kuogopesha! Nilikuandikia tu kwamba Mama anailalia, sikusema wapi. Ulijua namna gani kama iko ndani ya foronya?

Kwanza nilisoma "mtoni" nikafikiri mto wetu Mulongwe. Nikasema, Mujomba amezeeka, karatasi itakwenda kufanya nini Mulongwe? Nikasoma tena: inaruhusiwa kulala, isilale mpaka mtoni. Ndipo kichwa kikafunguka. Mto wa kulalia! Na ni kweli kabisa, mwizi yeyote anaanza na mto. Jana Mama alipokwenda kuchota maji kwenye robine nikaingia, nikaitoa. Nimeiweka mahali muntu hawezi kufikiria, hata akiwa Franck mwenye metre. Sitaandika ni wapi, juu Eliane anasoma barua zetu, asikatae. Hata Mama hajui. Ulisema nisimuambie muntu, sijamuambia muntu.

Franck amepita tena leo na kurudia yaleyale mbele ya jirani wawili: karatasi hakuna. Nimeinama sawa maskini. Napita, napita! Ungeniona ungefurahi.

Mupwa wako mwerevu,
Agathe


Kamanyola, Alhamisi, tarehe 15 Februari 2024

Agathe!

Mto gani? Mto gani, mtoto wewe!

Nimeshika kichwa. Ni kosa langu, lakini sikiliza haraka. Ile karata ya mwisho inayofunuliwa mezani, sisi tulizoea kuiita "ya tano". Mwaka jana padri mmoja alituachia hapa kitabu cha Kifaransa cha mchezo huu, na humo ya tano inaitwa rivière. Mimi nikaitafsiri: mto. Wazee watatu ninaocheza nao hapa sasa wote wanasema mto, hata nikasahau kwamba wewe hukuwa mezani siku neno lilipozaliwa. Usiilaze mpaka mtoni maana yake usingoje mpaka siku ya mwisho! Nilitaka umpelekee shefu wa avenue karatasi kimya kimya kabla ya baraza, aisome, aitie saini na tarehe, ndipo Franck aachwe aendelee kuongopa.

Irudishe kwenye foronya leo hii. Chini ya kichwa cha dada yangu hakuna mahali salama zaidi Uvira nzima. Na umwambie yeye. Kisha ipelekeni kwa shefu.

Gari la kuteremka leo silioni, barabara imeharibika kwa mvua, na Eliane hateremki kabla ya Jumanne. Mtu mwingine siwezi kumpa barua hii wala kumtuma aseme kwa mdomo, wakwe wa Franck wamejaa hapa Kamanyola. Mungu ailinde mpaka Jumanne.

Cyprien


Kilibula, Jumanne, tarehe 20 Februari 2024

Mujomba,

Sina salamu. Karatasi haiko.

Barua yako imefika leo saa inne ya asubuhi. Nimeisoma nimesimama, kiisha nimekaa chini, kwenye udongo, na kitenge changu kipya. Mto wa karata! Yesu wangu! Mto wa karata!

Nilikuwa nimeiweka ndani ya kopo la biskuti, lile tunawekamo karata zetu, chini kabisa, chini ya maharagwe. Nilijisifu minye mwenyewe. Nani atatafuta parcelle chini ya maharagwe? Jumapili kulikuwa mazoezi ya chorale, sikwenda kucheza. Bruno akaja hapa: "Mama Generose, naomba kopo." Mama akamupa. Kwa nini asimupe? Anamupa kopo hilo kila Jumapili niko ao siko, miaka mbili sasa. Hakujua kitu, juu minye sikumuambia, juu weye uliandika nisimuambie muntu!

Kopo limerudi jioni. Maharagwe makumi nane kamili. Karata makumi tano na mbili. Karatasi hapana. Na jana Franck amepita njiani, akanipungia mukono, meno yote inje: "Agathe, mutoto muzuri, bado munacheza karata?" Sikujua hata anataka kusema nini, mpaka leo niliposoma barua yako nikakimbilia kopo. Muntu anakuibia na anakusalimia!

Mama nimemuambia. Hakunipiga. Hakulia. Amechukua ile foronya, ameigeuza ndani inje, ameitikisa, kiisha ameivalisha mto tena. Afadhali angenipiga.

Sitaki kukukasirikia, lakini nakukasirikia. Neno moja, Mujomba! Alhamisi simu yako ilinipigia, ikalia mara moja ikakata, nikacheka, nikasema mzee ameikalia. Ungekuwa na masikio ningekurudilia, nikuulize neno moja tu: mto gani? Siku kumi na moja zimebaki, kiisha minye na Mama tutalala nyuma ya nyumba ya Franck sawa mbuzi.

Agathe


Kamanyola, Alhamisi, tarehe 22 Februari 2024

Agathe,

Ninakuja. Nitapanda gari la mchele la Eliane Ijumaa, tarehe mosi, safari anayoongeza kwa ajili yangu.

Futa machozi ufikiri. Franck hawezi kuichoma. Karatasi ileile inayowapa ninyi Kilibula ndiyo inayompa yeye Nyamianda. Bila hiyo naye ni mtu aliyekaa tu. Kwa hiyo ipo, iko nyumbani mwake, na yeye anajua ni wapi.

Siku ya baraza mniweke karibu naye. Mnipe kiti kibovu, kule pembeni wanakowekwa wazee wasiokuwa na kazi. Mtu akiuliza, semeni: huyu hasikii hata ngurumo, amekuja kula. Usiseme kwamba karatasi imeibwa. Usimtazame Bruno kwa ubaya. Mwambie dada yangu avae vizuri na anyamaze. Napita, napita. Umeelewa?

Kuhusu mto sina la kujitetea. Nina kosa jingine, kubwa kuliko hilo la mto, lakini si la barua hii.

Cyprien


Kilibula, Jumatano, tarehe 6 Machi 2024

Mujomba!

WEYE UNASIKIA!

Siku inne zimepita na mdomo wangu bado haujafunga. Mama akipika anasimama na mwiko hewani, anasema peke yake: "Anasikia. Kaka yangu anasikia." Kiisha anaunguza muhogo.

Niliona na macho yangu. Franck amesimama, mukono juu ya Biblia, anaapa mbele ya shefu wa avenue na ukoo muzima: karatasi hakuna, haikukuwapo hata siku moja, Babu hakujua hata kuandika. Anakaa. Anamuinamia Bruno, anasema kitu kwa sauti ndogo, ndogo kabisa, hapo mbele ya pua yako. Minye nilikuwa hatua mbili, sikusikia hata neno. Na weye uko unakula ndizi, macho juu ya dari, sawa muntu ambaye roho yake ilishakwenda. Bruno anasimama kutoka. Shefu anauliza kama iko muntu mwingine mwenye neno. Unainua mukono! Eliane akadhani unaomba maji, akakuletea kikombe. Ukakipokea, ukakunywa, ukasema na ile sauti ya darasani:

"Shefu, Franck amemwambia mtoto wake akimbie akaitoe karatasi kwenye gunia la unga wa muhogo, kabla hatujaomba kupekua. Tafadhali umsindikize. Unga hauhifadhi karatasi vizuri."

Mama yangu we! Franck akawa rangi ya majivu. Bruno alianza kulia muntu hajamugusa. Shefu alikwenda yeye mwenyewe, akarudi na karatasi ya Babu, mikono myeupe mpaka viwiko. Akaisoma kwa sauti, na alipofika kwenye ile saini yenye mukia, hakuna muntu aliyeuliza ni ya nani.

Parcelle ni yetu. Mama amelala usingizi wa mutoto.

Sasa tuongee weye na minye. Ulitoroka! Chakula iko mezani, tunakutafuta tukubebe mabegani, wanasema mzee ameshapanda gari ya Kamanyola. Ulikimbia nini? Ulinikimbia minye!

Kwa Noeli nilipiga kelele ndani ya sikio lako mpaka koo likauma siku mbili, na weye: "Eeh? Eeh?" Mama amefunga chakula siku tatu akiombea masikio yako. Nimechukua barua zako zote nimezisoma tena. Mvua imepiga bati! Eliane ana sauti ya jogoo! Kiziwi gani anajua sauti ya Eliane? Ulikuwa unaniandikia wazi, na minye kipofu nasoma napita.

Lakini hii ndiyo inaniuma, hiyo ingine ni mchezo. Tarehe 15 Februari ulijua karatasi imetoka mahali pake. Simu ilikuwa mukononi mwako. Siku tatu mbele ya ile Jumapili Bruno alichukua kopo, Mujomba! Ukaandika barua. Barua! Ukaingojesha mpaka Jumanne ipande juu ya gunia za Eliane! Kidogo tu Mama angelala inje, juu weye unaficha masikio yako sawa ma-roi tatu. Kwa nini? Ulikuwa unacheza na nani? Na minye?

Nijibu hilo moja. Kiisha barua basi. Namba yangu unaijua, yako naijua, na sasa Uvira nzima inajua kwamba unasikia.

Agathe


Kamanyola, Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024

Mpwa wangu,

Sina la kusahihisha katika barua yako. Andika parcelle ukitaka.

Kinini ilinifunga masikio Novemba 2021. Yalirudi Juni iliyofuata, asubuhi moja, bila kupiga hodi. Nilisikia kuku akikwaruza chini ya kitanda. Nilikaa nikalia, na kilio changu nacho nikakisikia, nikalia zaidi. Nilishika simu nikupigie. Kisha nikasema, kwanza nipite kwa wazee wa karata. Nikaketi nao mezani, wakaanza kama kawaida yao kunong'onezana mbele yangu: fulani ana wafalme, fulani anadanganya. Nikasema, leo tu. Nilirudi na maharagwe ya mwezi mzima. Dhambi yangu ilianza na maharagwe, hilo ulijue.

Alhamisi yake Eliane akaniletea barua yako. Kurasa sita. Ndiyo ile ya Patient, mchumba wako, namna alivyovunja uchumba ukiwa umeshashona nguo, namna ulivyokwenda kazini wiki nzima ukiwaambia watu una mafua kwa sababu ya macho. Niliisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Agathe, kabla sijaugua ulikuwa unanipigia kila Jumapili. "Mujomba, uko muzuri? Minye niko muzuri. Unités za simu zinakwisha." Miaka yote hiyo ulikuwa muzuri! Sikujua kitu chako hata kimoja. Nilipokuwa kiziwi ndipo ulipoanza kuniambia. Nikaogopa kwamba nikipona utarudi kuwa muzuri. Hapa nyumbani tangu mke wangu afe hakuna mtu anayeniambia jambo lenye kurasa sita.

Basi nikailaza karata yangu. Napita, napita, karibu miaka miwili. Sikucheza na wewe. Nilikuogopa, ni tofauti, ingawa hasara ni ileile.

Tarehe 15 hukukosea kuhesabu. Siku tatu zilikuwepo. Ule mlio mmoja uliousikia Alhamisi, sikuikalia simu. Nilibonyeza namba yako yote kwa kidole hiki ninachoandikia, nikasikia inaita, nikakata. Nilijiambia karatasi yenu, popote ulipoificha, itakaa salama mpaka Jumanne. Mimi niliyekufundisha usiilaze mpaka mtoni, nilikuwa na karata kali kuliko zote mezani, nikaiacha ilale mpaka mto ukafika, na Mama yako ndiye aliyelipa. Siku ile ya baraza kila mtu alinishangilia, na mimi nilikuwa nalipa tu nilichoharibu. Ndiyo sababu nilikimbia chakula.

Sikuombi unisamehe haraka. Simu nimeichaji, iko hapa mezani, mlio nimeufungua wote.

Mjomba wako,
Cyprien


Kilibula, Jumatano, tarehe 13 Machi 2024

Mujomba,

Jana, nyuma ya kusoma barua yako, nilikupigia. Dakika moja na sekunde makumi inne, simu imeniandikia hapa. Uliniuliza: mvua iko? Nikasema iko. Nikakuuliza: uko muzuri? Ukasema uko muzuri. Kiisha unités ziko zinakwisha, nakusikia tu unapumua. Nikakata.

Nilikaa pale nikishangaa. Nilikuwa nimejaa maneno mpaka hapa kwenye koo! Nilitaka kukuambia kama bado niko na hasira, haikutoka. Nilitaka kukuambia namna Bruno alikuja Jumapili, akasimama juani mbele ya mulango, mikono mbili kwenye kopo la biskuti, juu alilichukua tena Jumapili mbele ya baraza, likabaki kwake. Mama alimuona na hakumukaribisha, na hakumufukuza. Akapepeta mchele wote, taratibu, akaumaliza, akafagia, Bruno bado amesimama, jasho linamutoka kwenye kidevu. Ndipo Mama akasema: "Weka kopo chini, uingie ukule." Minye nikaingia chumbani nikalia, na sijui nilikuwa namulilia nani. Hii yote haikutoka kwenye simu. Kwenye simu nilikuwa muzuri.

Basi nimechukua kalamu, na hizi ni sharti zangu. Wazee wa meza yako utawaambia ukweli Jumapili hii, na maharagwe yao utarudisha yote, hata yale ulishapika. Mama amekusamehe, anasema tu ukija tena utapigwa na ufagio. Minye bado. Siku nikikusamehe nitakuandikia, usiniulize.

Na tusikilizane vizuri, neno kwa neno, isifanyike kosa tena. Jambo likiwa la mto, unapiga simu siku ileile, hata ukinikuta ndani ya kanisa. Ingine yote unaandika, na usipunguze kurasa.

Mupwa wako, ambaye hayuko muzuri sana,
Agathe